Mwongozo kamili: namna ya kumsemesha msomaji katika maelekezo ya kiufundi

Kiswahili hakimwachii mwandishi nafasi ya kukwepa. Ukiandika kitenzi kimoja tu, umeshaamua unasema na nani. "Bonyeza" ni mtu mmoja. "Bonyezeni" ni kundi. "Ubonyeze" ni mtu mmoja anayeagizwa kwa upole. "Abonyeze" ni mtu ambaye hayupo hapa, na "kibonyezwe" ni kitufe chenyewe, mbonyezaji hatajwi. Asiyeamua mapema huzitumia zote tano katika ukurasa mmoja, na aliyesimama mbele ya mashine hubaki akijiuliza kama anaambiwa yeye au mwenzake.

Mwongozo huu ni wa anayeandika maelekezo ya mtambo, kifaa au programu kwa Kiswahili. Mfano nitakaorudi kwake mara nyingi ni kituo cha kukusanyia maziwa, kwa kuwa mkoa wetu wa Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa na vituo hivi vipo wilaya kadhaa. Asubuhi wakulima wanafika na madumu, mpokeaji anapima maziwa, anayamimina kwenye tangi la kupozea, kisha anaandika lita kwenye simu. Kuna kemia, kuna umeme, kuna programu, na kuna watu wa rika zote wamepanga foleni. Maelekezo yakikaa sawa hapo, yatakaa sawa popote.

Hatua ya 1: Mjue mwenye kitu mkononi

Kabla ya sentensi ya kwanza, orodhesha kwa kazi zao watu wote watakaotajwa: mpokeaji, mkulima, fundi wa tangi, mhasibu wa chama. Kwa kila sehemu ya mwongozo jiulize: msomaji akifika hapa, mkono wa nani uko kwenye kitu? Huyo ndiye wa kuambiwa "u-". Waliobaki wote ni "a-", hata mwenyekiti wa chama.

Msimamo wangu ni mkali kidogo hapa: sehemu moja, msomaji mmoja. Fundi anayekuja kuangalia kompresa, yaani mashine inayoendesha upozaji wa tangi, asichanganywe na mpokeaji katika aya moja. Mpe sehemu yake, na mstari wa kwanza useme wazi: "Sehemu hii ni ya fundi." Kuanzia hapo "zima" na "fungua" ni za fundi, na mpokeaji anajua kwamba hazimhusu. Wengi huogopa kugawanya kwa sababu mwongozo utarefuka. Utarefuka, ndiyo, lakini kila mtu atasoma kurasa chache zaidi kuliko mwanzo.

Anayewaandikia watengeneza programu ana kazi ngumu zaidi, maana kwake kuna watatu: mtengeneza programu anayesoma, mtu atakayeitumia programu ikishakamilika, na seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea maombi ya programu na kuyajibu. Wagawie mapema. Msomaji awe "u-", mtumiaji awe "a-", seva ichukue "i-". Hapo sentensi hii inasomeka bila utata wowote: "Ukituma ombi bila namba ya mkulima, seva inalikataa, na mtumiaji ataona ujumbe wa kosa." Mwandishi akiandika "ataona" mahali pa "utaona", msomaji atatafuta ujumbe huo kwenye kompyuta yake na hataupata.

Hatua ya 2: Chagua umbo la kitenzi

Kwa hatua za kutenda, tumia amri fupi ya mtu mmoja: washa, mimina, ingiza, subiri. Ndiyo lugha ambayo wasomaji wetu wameshaizoea. Chupa ya dawa inasema "Tikisa kabla ya kutumia". Menyu za pesa za simu zinasema "Ingiza namba ya siri". Hata LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ndivyo ilivyoundwa, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: "lipa" ni amri ya mtu mmoja, na "utumiavyo" ni huyohuyo mmoja. Watu wanaingiza tokeni ya tarakimu 20 kwenye mita kila wiki na hakuna anayelalamika kwamba kaamrishwa.

Miongozo ya uandishi ya Google na Microsoft nayo inaelekeza msomaji asemeshwe moja kwa moja. Ila Kiingereza kina neno moja la kumwambia mmoja na wengi, kwa hiyo miongozo hiyo haikutani kabisa na swali letu la umoja na wingi. Hapo tunaamua wenyewe.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba amri fupi haina adabu, hasa kwetu pwani, ambako huwezi kumwambia mtu mzima "lete maji" ukanyamaza. Kwa mdomo hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Kwenye maandishi mambo ni tofauti, kwa sababu anayesoma amefungua mwongozo mwenyewe ili aambiwe la kufanya. Adabu ya mwandishi inaonekana kwa kutomruka hatua, kutompotezea muda na kutomsingizia kosa. "Tafadhali" katika kila mstari inamchosha msomaji tu. Iweke pale unapomwomba avumilie jambo ambalo si zamu yake: "Tafadhali subiri, usajili unaweza kuchukua dakika kadhaa."

Umbo la "u-...-e" lina kazi yake nyingine, ambayo haihusu upole. Kiswahili kinapounganisha vitendo viwili, cha pili hupenda kuingia katika umbo hilo: "nenda ukamwite", "fungua mfuniko uangalie ndani". Basi ndani ya hatua moja liruhusu, na hatua mpya ianze tena na amri fupi. Msomaji atahisi mwenyewe mahali hatua inapoanza hata kabla hajaiona namba.

Wingi wa "-ni" uweke kwenye matangazo. Karatasi ya ubaoni ya "Wakulima mnatangaziwa kuwa kuanzia Jumatatu maziwa yatapokelewa hadi saa tatu asubuhi" ni sahihi, maana inasomwa na watu waliosimama pamoja. Mwongozo unasomwa na mtu mmoja, mara nyingi akiwa peke yake, mkono mmoja umeshika dumu. Mwandishi anayewafikiria wasomaji wake wote kwa pamoja huteleza: anaanza "Fungua programu", anamalizia "mtaona orodha". Hao wengine wametokea wapi?

Kuna umbo moja la huku kwetu ambalo nashauri lisiingie kwenye maelekezo ya kiufundi, ingawa mdomoni ni tamu: "wabonyeza hapa, waona jina". Katika "waja leo, waondoka leo" yetu ya Tanga, anayekuja anaweza kuwa wewe au wakawa wao, kwa sababu "u-a-" na "wa-a-" zote hutua kwenye "wa-". Kwenye mazungumzo, macho na sauti vinatosha kubainisha. Kwenye karatasi, msomaji wa Tabora au Mbeya atadhani wanasemwa watu wengine. Andika "unaona" au "utaona".

Sheria nazo ziko peke yake. Jambo lisilobadilika hata afanye nani, liandike juu ya kitu chenyewe: "Maziwa yapozwe hadi nyuzi 4 za Selisiasi." Sentensi hiyo ni nzuri kwa sababu sharti ni la maziwa. Udhaifu wake ni kwamba haimpi mtu kazi. "Tangi lioshwe kila linapomalizwa" inaweza kubandikwa ukutani mwaka mzima na tangi lisioshwe, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kwa hiyo sheria ya namna hii iambatane na hatua yake, katika sehemu ya mwenye kazi: "Ukimaliza kutoa maziwa, osha tangi hivi..." Ndipo linapata mwoshaji.

Wanaoandika masharti ya mifumo kwa watengeneza programu watahitaji pia kuweka ngazi za ulazima. Waraka wa RFC 2119 wa Machi 1997, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti, ulifanya hivyo kwa Kiingereza, ukatenganisha lililo lazima, linalopendekezwa na lililoachwa kwa hiari. Kwa Kiswahili chagua maneno matatu, mathalani "lazima", "inashauriwa" na "unaweza", yaeleze ukurasa wa kwanza, kisha usilete "inabidi", "inapaswa" na "inatakiwa" kwa ajili ya kupamba. Msomaji makini atadhani kila moja lina uzito wake.

Hatua ya 3: Mwondoe "mtumiaji" asiye wa lazima

"Mtumiaji anatakiwa kubonyeza kitufe chekundu." Anayesoma huwa hajioni katika jina hilo. Neno hili limezagaa kwenye nyaraka zetu kwa sababu lina sura ya ofisini, na kwa kuwa Kiswahili hakibagui mke na mume, "a-" inapita kirahisi bila kumkwaza yeyote. Urahisi huo ndio unaotupoteza. Libakize pale tu ambapo anayesoma na anayetumia ni watu wawili. Wakala wa pesa za simu, kwa mfano, anasoma mwongozo wake na mteja amesimama mbele yake: "Mwombe mteja aingize namba ya siri. Usiiangalie." Hapo mtu wa tatu ni wa lazima, na aitwe jina lake la kazini, "mteja".

Hatua ya 4: Punguza "yako", "wewe" na "sisi"

Kiswahili hakisemi "osha mikono yako" isipokuwa kuna mikono mingine ya kuoshwa. Tunasema "nawa mikono", "washa simu", "ingiza namba ya siri". Ukijaza "yako" kila mahali, sentensi inakuwa nzito, na pengine inakuwa ya uongo. Chukua "ingiza namba ya mita yako". Mtu yuko Tanga mjini anamnunulia mama yake umeme kule Pangani, na mita ni ya mama. "Ingiza namba ya mita" inawatosha wote wawili. Irudishe "yako" pale ambapo kuna vitu viwili vya kutenganisha: "Ujumbe wa uthibitisho utakuja kwenye simu yako, ujumbe wa malipo utaenda kwenye simu ya mkulima."

"Wewe" kwenye maelekezo inasikika kama mtu ananyooshewa kidole. Kitenzi kimeshasema, inatosha.

"Tu-" ina sura mbili, na moja ni nzuri. "Tunashauri uwe na betri ya akiba" ni sawa, kwa kuwa kuna taasisi inayotoa ushauri na itawajibika kwa ushauri huo. Ile ya mwalimu darasani, "sasa tufungue programu, tuingize jina", iache darasani. Mashine inapolia saa kumi na moja alfajiri, mpokeaji yuko peke yake. Usimwandikie kana kwamba umesimama naye.

Hatua ya 5: Makatazo na maonyo

Katazo la mtu mmoja huanza na "usi-", na likae kabla ya hatua inayohusika. Msomaji wa maelekezo anatenda huku akisoma, kwa hiyo "Fungua kifuniko cha kompresa", halafu chini yake "usifungue kabla ya kuzima swichi kubwa", ni hatari kweli. Mtu keshafungua. Andika: "Zima swichi kubwa kwanza, ndipo ufungue kifuniko cha kompresa. Umeme uliomo ndani unaweza kuua."

"Hairuhusiwi" na "ni marufuku" hazimsemeshi mtu. Zinafaa getini. Kwenye mwongozo, mwambie asifanye nini na kitatokea nini akifanya, tena kwa nafsi ileile ya hatua nyingine. Ghafla kubadili sauti kuwa ya kiserikali kunamfanya msomaji adhani aya hiyo imeandikiwa wengine.

Hatua ya 6: Maneno ya kumwambia mtu mwingine

Hapa ndipo heshima zetu zote zinaporudi, na ndipo miongozo mingi inaponyamaza.

Mpokeaji wa maziwa mara nyingi ni kijana, na mkulima aliyeleta dumu anaweza kuwa rika la babu yake. Maziwa yamekataa kipimo, yaani yameganda yalipochanganywa na spiriti. Mwongozo unasema "Mjulishe mkulima" na kuishia hapo. Mpokeaji mgeni, foleni ikiwa ndefu, atatamka litakalomjia: "Maziwa yako mabovu." Mzee ameaibishwa mbele ya majirani, na huenda kesho asilete tena.

Basi mwandikie maneno yenyewe. Maelekezo kwa mpokeaji yabaki amri fupi, na maneno atakayoyatamka yabebe adabu yote:

"Mwambie mkulima kwa sauti ya chini: Samahani mzee, haya ya leo yameanza kuganda kwenye kipimo. Karibu uangalie mwenyewe. Yalikamuliwa saa ngapi?"

Angalia kilichofanyika humo. "Mzee" imewekwa, na mwongozo uongeze kwamba ibadilishwe kulingana na mtu: mama, bibi, kaka, dada. "Yako" imeondolewa, pamebaki "haya ya leo". Mkulima anakaribishwa kuona kipimo, haambiwi aamini. Na swali la mwisho limeulizwa juu ya maziwa, "yalikamuliwa", wala si "ulikamua saa ngapi", ambayo ina harufu ya kesi. Maziwa yaliyokaa saa nyingi kwenye joto huongezeka asidi, kwa hiyo jibu la swali hilo ni la kiufundi na mpokeaji analihitaji. Umbo lile la kutendwa, ambalo kwenye sheria lilikuwa linaficha mwenye kazi, hapa linamsitiri mtu.

Hatua ya 7: Linganisha na kioo cha simu

Vitufe navyo vinasema: Hifadhi, Tuma, Futa, Ghairi. Ila hapo anayeamuru ni mtumiaji, na anayeamriwa ni programu. Mwongozo unapoandika "bonyeza hifadhi", amri mbili zinagongana. Tenganisha kwa alama za kunukuu au herufi nzito: bonyeza "Hifadhi". Herufi zifanane kabisa na zilizo kwenye kioo. Kama kioo kinasema "Wasilisha", mwongozo usiseme "Tuma" kwa kuwa ni neno jepesi zaidi. Nenda ukawaombe waliotengeneza programu wabadilishe kioo.

Vichwa vya sehemu visimsemeshe mtu: "Kusajili mkulima mpya", "Kuosha tangi". Ujumbe wa kosa uandikwe juu ya kitu: "Namba ya mkulima haipo kwenye orodha" ni bora kuliko "Umekosea namba", kwa sababu pengine hakukosea yeye, mkulima hajasajiliwa. Kisha malizia kwa amri fupi ya kumtoa hapo: "Hakiki namba au msajili kwanza."

Hatua ya 8: Pitisha andiko lote kwenye mfano

Hii ni aya ya aina ninayokutana nayo sana:

"Mtumiaji anatakiwa kuchukua mililita mbili za maziwa na kuchanganya na mililita mbili za spiriti. Tikisa kidogo. Mkiona yameganda yasipokelewe na umjulishe. Kisha tunaingiza taarifa kwenye simu yako."

Hesabu nafsi zilizomo: mtumiaji, wewe, ninyi, asiyetajwa, sisi. "Umjulishe" hatujui ni nani, mkulima au mwenyekiti. Sasa igeuze:

1. Tia mililita 2 za maziwa kwenye kichupa cha kupimia.
2. Ongeza mililita 2 za spiriti ya kupimia, yenye nguvu ya asilimia 68.
3. Tikisa taratibu, uangalie kwenye mwanga.
4. Yakibaki laini, yapokee. Yakiwa na chembechembe za kuganda, usiyapokee. Zungumza na mkulima kwa maneno yaliyoandikwa ukurasa unaofuata.
5. Ingiza matokeo kwenye programu, kisha bonyeza "Hifadhi".

Katika mstari wa 4, hali imebaki kwa maziwa, "yakibaki", "yakiwa", na kazi imebaki kwa msomaji, "yapokee", "usiyapokee". Mgawanyo huo ukiushika, sehemu kubwa ya utata inaondoka yenyewe.

Ukimaliza kuandika, tafuta kwenye andiko lote maneno "mtumiaji", "wewe", "yako" na "zako", uhoji moja moja kama lina kazi. Kisha tafuta vitenzi vinavyoanza na "mna-", "mki-", "mta-" na "tu-". Kompyuta haitakusaidia sana kwenye "wa-" na "ya-", hizo zisome kwa jicho. Mwisho, mpe mpokeaji mgeni mwongozo akiwa mbele ya tangi, asome kwa sauti na kutenda, wewe ukae pembeni bila kumsaidia. Kila anapoinua kichwa na kuuliza "mimi, au yeye?", weka alama kwenye mstari huo. Mistari yenye alama ndiyo ya kuandika upya kabla ya kuchapisha.